Hoja Yako Iko Wapi?

Chuo chetu kidogo: ukikohoa maktaba
mpishi wa kantini anakuchemshia tangawizi.
Tulikuwa mia mbili na kumi na nne,
tumepungua mmoja tangu Yaqdhan aende jeshini.
Ukikosa kipindi, kiti chako kinakusema.

Meza ya Dakta Bahija ni duara,
haina pembe ya kujibanza.
Tumeizunguka kumi na mmoja, na swali katikati
kama sinia ya wali isiyo na wa kuanza:
haki ni nini?
Mundhir akasema, sawa kwa sawa.
Ghaniya akasema, sawa kwa nani?
akafunika kalamu yake, ko!
nami nikamwonea kijicho kwa maneno mawili yale.

Mimi niliandika kurasa sita.
Niliwapanga wanafalsafa kama viatu mlangoni mwa msikiti,
jozi kwa jozi, vyangu havimo.
Zikanirudia na wino wa kijani
(mwekundu, asema Dakta, ni wa bucha),
maneno manne:
Hoja yako iko wapi?

Usiku ule kiyoyozi kilikoroma bwenini.
Raya alikariri chumvi za kemia kama nyiradi,
birika letu la haramu limefichwa kwenye ndoo ya nguo.
Nikampigia bibi.
Kiswahili chake aliondoka nacho Unguja
na hajakibadilisha nguo tangu siku ile.
Bibi, nimepata C.
C ni ngapi kwa kumi?
Haiendi hivyo, bibi.
Basi kipimo chenu kibovu. Alhamisi ami yako Hamdun
ana zamu ya maji. Nenda kaone watu wanavyopima.

Saa nane ya usiku, Ibra, baridi ya kung'ata masikio.
Ami na malapa ya plastiki, kanzu kaipandisha magotini.
Baba yake alisoma nyota kujua zamu imefika;
yeye anasoma simu, na simu ina chaji asilimia tisa.
Sikiliza, akasema, hapa hununui maji,
unanunua saa.
Athari moja, nusu saa.
Mwaka wa mvua, nusu saa.
Mwaka wa ukame, nusu saa ile ile,
maji ndiyo yaliyokonda ndani yake.

Nikaandika kwenye kiganja, daftari nimelisahau.

Ami, wewe una athari mbili.
Moja ya urithi.
Na ya pili?
Akainama, akachomoa gunia lililoziba mlango wa falaji,
maji yakaingia mitendeni yakinong'ona
kama wanafunzi mwalimu alipotoka.
Ya pili kaniuzia Bi Zuwena, mwanawe alidaiwa ada.
Ng'ambo ya ukuta mitende ya Bi Zuwena
ilisimama na vichwa vya ufagio.
Kauza kwa hiari yake?
Kauza.
Kwa bei ya soko?
Kwa bei ya soko.
Sasa ami, hiyo ni haki?
Akanitazama kitambo.
Shika tochi, akasema.

Nikaishika. Dakika ya ishirini na tano
akaziba kwetu kabla ya wakati,
akalisukuma kwa mguu gunia la upande wa pili,
kama mtu aliyejikwaa,
kisha akaanza kunisimulia habari za mpira.

Nimeandika upya, kurasa nne tu.
Mwanafalsafa wa kwanza anaingia ukurasa wa tatu,
anavua viatu, anakaa chini kama wengine.
Nimeuliza: aliyeuza saa yake ili mwanawe asome,
anamdai nani saa hiyo?
Jibu sina. Nimesema sina.
Wino wa kijani: Sasa nabishana na wewe.
B, na alama mbili kakata kwa kukosa marejeo.

Mwana wa Bi Zuwena yuko mwaka wa tatu,
hukaa dirishani kantini, hupenda chai ya kahawia.
Tunaamkiana.

Zile dakika tano sikuziandika.
Sikujua tanbihi yake
ingesomekaje.